Safari ya magofu ya Kilwa ipangwe kwa mwezi, si kwa ratiba ya basi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme jambo moja linalowaharibia safari wageni wanaokuja kuona magofu ya Kilwa, wawe wametoka Mbagala au ng'ambo. Safari hizi zinauzwa Dar es Salaam, na siku hizi kwenye simu, kwa saa za basi na za hoteli: kuondoka gatini Kilwa Masoko saa 3 asubuhi, kurudi kula mchana. Anayeuliza mwezi ni wa ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame, hayupo. Mvuvi wa Masoko hata wavu hatoi ndani kabla hajajua hilo, lakini mtu aliyelipia kuvuka bahari haambiwi.

Kwa Kilwa Kisiwani peke yake kosa hilo linavumilika. Kivuko ni kifupi na Gereza, ngome iliyojengwa na wageni kutoka ng'ambo, liko karibu na mnaposhukia. Kutoka hapo mnakwenda kwa miguu Msikiti Mkuu, halafu jumba la kale la Makutani. Shida ya Kisiwani ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye birika la pembe nane. Limejitenga upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari, na wageni wa ratiba ya haraka ndilo wanaloruka. Wanaondoka wameona ngome ya wageni, wameacha nyumba ya mwenye mji.

Songo Mnara ndiko kwenye kasheshe. Kisiwa kiko kusini, mwendo wa saa moja hadi mbili kwa boti ya injini kufuatana na chombo na upepo, na mbele ya magofu kuna mikoko. Maji yakiwa yamejaa, chombo kinasogea karibu na mtu anashuka maji yakiwa magotini. Yakiwa yamepwa, nahodha anatia nanga mbali, na kilichobaki ni tope. Si tope la barabarani. Mguu unazama hadi nusu ya muundi, kandambili inabaki chini, mtu anauingiza mkono kuitafuta, na mkono unakutana na chaza walioganda kwenye mizizi. Wanakata kama wembe. Mzee wa miaka 70 aliyekuja kuona msikiti hawezi njia hiyo, na hakuna aliyemwonya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi. Hayo ndiyo majira ya bamvua, yanapojaa sana na kupwa sana. Angalia basi: ile saa 4 asubuhi ya bamvua ndiyo saa ambayo mgeni aliyeondoka Masoko saa 3 anafika Songo Mnara. Kama mtu angekaa chini kutafuta saa mbaya kuliko zote, asingepata nyingine.

Kwa siku za katikati, hesabu siku zilizopita tangu mwandamo (au tangu mwezi mpevu), zidisha kwa dakika 50, jumlisha na saa 10. Mwezi 8, yaani siku ya 8 ya mwandamo, zimepita siku 7, yaani dakika 350, karibu saa sita. Maji ya alfajiri yanakuwa yamesogea hadi saa 3 na nusu au saa 4 asubuhi. Mwezi 11 yanajaa karibu na saa 6 mchana. Kwa hiyo siku nzuri za Songo Mnara ni mwezi 8 hadi 11, na tena 22 hadi 25. Mwanzoni mwa siku hizo ni maji mafu: hayajai sana, lakini hayapwi sana pia, na chombo kinapata kina muda mrefu. Mnafika maji yakiwa bado yanapanda, mnakaa saa mbili, mnaondoka kabla hayajaanza kukimbia. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo kauli ya mwisho iwe ya nahodha.

Kuna kosa la pili, ambalo kwa maoni yetu ni baya kuliko tope: kufika maji yakiwa yanatoka. Chukua mwezi 3. Maji yamejaa saa 11 na dakika 40 alfajiri. Kundi limeondoka saa 1 asubuhi likijisifu kuwahi, limefika saa 2 na nusu, na maji bado yanaonekana mengi. Nahodha asiye na uzoefu anaingiza chombo hadi kwenye mikoko ili wageni wasilowe. Saa 3 chombo kimekaa juu ya mchanga. Kupwa kabisa ni karibu saa 6 mchana, na chombo hakitaelea tena hadi kwenye saa 9 kasorobo. Ndipo maji ya kunywa yanakwisha, watoto wanalia, na mwenye basi la kurudi Lindi anaanza kupiga simu. Siku kama hiyo chombo kiachwe kwenye kina na watu walowe. Kila mtu abebe lita 3 za maji ya kunywa hata kama ameahidiwa kurudi mapema, na avae raba kuukuu za kufunga kamba. Jaketi okozi zihesabiwe watu wakiwa bado gatini.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, kwenda Songo Mnara ni kupanda upepo. Boti ndogo inapigwa na mawimbi kwa mbele na watu wanafika wamelowa kabla ya kushuka, ila kurudi upepo unasukuma. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Kamera na simu zifungwe kwenye mfuko wa nailoni tangu gatini.

Wapo watakaosema basi mikoko ifyekwe, ipatikane njia. Hapana. Magofu haya ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo hadi 2014. Bahari kula ufuko ilikuwa sehemu ya hatari hiyo, na mikoko ndiyo ukuta usiodai saruji. Kuta zenyewe ni matumbawe na chokaa. Mgeni aliyepoteza saa nzima kwenye tope, amebakiwa na dakika 20 za kuona misikiti 5, jumba la kifalme na nyumba zaidi ya 30, hana subira ya kumsikiliza anayemtembeza. Anapanda ukuta apige picha haraka. Chokaa ikimeguka pale hairudi.

Tunachoomba ni kidogo. Kibali cha kwenda visiwani kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda chombo, kwa hiyo kila mgeni anapita mlango mmoja. Uwekwe ubao mlangoni wenye safu tatu: tarehe, saa ya maji kujaa, saa ya maji kupwa. Wanaouza safari kutoka mbali wapige simu hapo kabla ya kupokea pesa, na tarehe ikiangukia bamvua wampe mgeni hiari mbili: Kisiwani asubuhi pamoja na Husuni Kubwa, au Songo Mnara kwa kuondoka saa 6 mchana na maji yanayopanda, kulala Masoko usiku huo, na mji mkongwe wa Kilwa Kivinje kesho yake.

Ni sisi watembeza wageni na manahodha,
Kilwa Masoko, Lindi