Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Huu Tumeliwa na Gavana

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha magari ya zamani, hamjambo. Mambo ya hela mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi niseme tu ada zimeingia vizuri na wale watatu wanaodaiwa wanajijua. Nataka niongelee gavana ya taimingi, yaani kile kifaa kinachotanguliza au kuchelewesha cheche kufuatana na kasi ya injini, maana ndiyo iliyotumaliza.

Kwa waliojiunga juzi, kwenye Ford Model T (1908 mpaka 1927) gavana ya cheche ni wewe dereva. Chini ya usukani kikono cha kushoto ni cha cheche, cha kulia cha mafuta. Ukipiga hendeli ya kuwashia injini unapandisha cha kushoto juu kabisa ili cheche ichelewe na hendeli isirudi kinyume, injini ikishika unakishusha kidogo kidogo. Moto ndani ya silinda una muda wake wa kuenea, na injini ikiwa mizunguko 400 kwa dakika krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inageuka nyuzi 2.4 kwa kila elfu moja ya sekunde, ikifika 1200 ni nyuzi 7.2, sasa cheche isipotangulia moto unaikuta pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inaishia ekzosi na maji yanachemka.

Ndiyo zikaja distribyuta (kigawa cheche kwa silinda) za kufunga pembeni zenye gavana yake ndani, vizito viwili vinavyotanuka na kutanguliza cheche kadiri kasi inavyopanda na springi mbili za kuvirudisha. Ford wenyewe waliachana na kikono 1932 walipotoa V8.

Distribyuta ya namna hiyo tuliyofunga kwenye T ya chama ikaanza visa, siku moja hendeli ikarudi kinyume ikampiga mwenzetu kifundo cha mkono (ameshapona, na alikuwa ameishika kwa kuzungushia dole gumba, nimesema mpaka nimechoka). Mimi nikakata shauri springi zimechoka, nikaagiza mpya kwa hela ya chama. Zilikuja ngumu mno, gavana haifunguki mpaka kasi ambayo T haifiki, gari likawa zito kupanda kilima cha Mazeras kuliko hata mwanzo. Kosa langu hilo, naliandika hapa msije mkalisikia kwa watu.

Fundi wetu ndiye alituokoa. Akabana distribyuta kwenye jiliwa, akaizungusha kwa drili, akakata sahani ya nyuzi kwa kadibodi na kumulika kwa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inapotoka ili uone alama imesogea nyuzi ngapi. Siku ya kwanza tulibishana bure kwa kusahau kwamba nyuzi moja ya distribyuta ni mbili za krenki. Kesho yake tukarudisha springi za zamani, kasi ikapanda na alama ikasogea vizuri tu, tukafurahi. Kumbe ubaya uko kwenye kushuka, drili imepungua mpaka unaweza kuhesabu mizunguko na alama bado iko mbele pale pale! Kizito kimoja kimeng'ang'ania, cheche inabaki mapema hata kasi ikishuka, ndiyo maana hendeli ilirudi kinyume, tulipokitoa grisi imeganda kama lami na pini imeliwa upande mmoja, hii hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ikachongwa pini mpya, tukaacha grisi tukatia tone la oili nyepesi, alama ikarudi mahali pake.

Kuanzia sasa gavana yoyote inapimwa kupanda na kushuka, zote mbili zinaandikwa daftarini. Distribyuta ya pili bado haijaguswa, ipo kwangu kwenye ndoo. Mwenye drili ya kurekebisha spidi aje nayo mkutanoni, ile tuliyoazima mwenyewe ameshaidai mara mbili.