Pedi Mpya, Pini Mbovu: Kabla Hujabadilisha Breki za Pikapu Mwenyewe

Wiki jana alitujia gerejini mzee mmoja wa Ngomeni, mwenye pikapu ya kuvutia mashua, mkononi kashika pedi mbili zilizotoka gurudumu moja. Akazibwaga mezani. "Nyie vijana, mliniuzia bandia!" Tukazitazama. Moja bado nene, hata nusu haijalika. Ya pili imelika hadi chuma, na chuma chenyewe kinang'aa kwa kusugua diski.

"Mzee, pedi hazina kosa," tukamwambia. "Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ndiyo iliyokwama."

Kubadilisha pedi mwenyewe inawezekana, na tunalisema hili ingawa ufundi ndio riziki yetu. Ila hapa Malindi pedi ndiyo sehemu rahisi. Gari linalorudishwa kinyumenyume baharini kuchukua mashua, au linalobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, linakula chumvi kila siku. Kalipa ya aina ya kuteleza hukaa juu ya pini mbili. Chumvi ikipenya kwenye raba zake, pini hushika kutu na kalipa haisogei tena. Pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje inabaki mtazamaji. Na hapo ndipo watu hudanganyika: ukichungulia kupitia rimu unaiona ile ya nje, nene, unajiambia breki bado zipo. Ya ndani imekwisha zamani.

Kwa hivyo ukiondoa gurudumu, pima zote mbili. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe, na ubadilishe magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Nati zilegeze kabla ya kupiga jeki. Egesha kwenye sakafu ngumu. Kama ni mchanga, weka ubao mpana chini ya jeki, na magogo kwenye magurudumu ya nyuma. Kisha weka stendi ya chuma. Tumeona watu wakitegeza pikapu kwa jiwe la matumbawe lililobaki ujenzini, kisa ni zito na limechongwa vizuri. Jiwe lile hupasuka ghafla likibebeshwa uzito kwenye sehemu moja. Usiingie chini ya gari lililotegezwa hivyo. Na kandambili ziache nyumbani siku hiyo.

Ukifungua kalipa, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge juu kwa waya. Sasa vuta zile pini. Hapa usiwe na haraka. Zikitoka kwa shida, zisugue kutu kwa msasa laini, uzipanguse, uzitazame kwenye mwanga: ukiona vishimo, nunua mpya pamoja na raba zake. Paka grisi ya breki, ile ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha raba, na baada ya miezi michache utarudi pale pale. Pini nzima ukiirudisha, inateleza kwa kidole.

Kurudisha pistoni ndani, weka pedi kuukuu juu yake na uibane polepole kwa klempu. Mafuta ya breki yatapanda kwenye chupa yake. Yakikaribia kumwagika, yapunguze, maana hubabua rangi ya gari. Mafuta hayo pia hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani unaijua. Mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205; yakishanyonya maji ya kutosha hushuka hadi karibu 140. Anayeteremka Mazeras na mzigo, breki zikipata moto, asitumie kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwanza.

Hilux nyingi za magurudumu manne yanayovuta, na Land Cruiser 79, zina kalipa isiyoteleza, yenye pistoni pande zote mbili. Huko unatoa pini zinazoshikilia pedi, unachomoa pedi kwa juu bila kuondoa kalipa. Kazi nyepesi, mradi pistoni zote nne zinarudi. Moja ikigoma, usiipige nyundo.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara nyingi hadi pedali iwe ngumu. Mmoja wetu hapa gerejini aliwahi kusahau. Alirudi nyuma taratibu, akakanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na mwembe wa jirani ndio uliosimamisha gari. Taa ya nyuma tulilipa wenyewe.

Kisha tafuta barabara tupu. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 kwa breki za upole, kama mara ishirini, ukiziacha zipoe katikati. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 au 100. Ukisikia breki bado zinasaga, au diski ina ukingo unaokwaruza kucha, ilete tuipime. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe, na kuupima hatutozi kitu.

Yule mzee aliondoka na pedi seti moja, pini nne na raba zake. Tulimwomba, kila akitoa mashua, amwagie magurudumu maji matamu kabla hajaenda kunywa kahawa. Akasema kahawa kwanza.