Iringa Huioni Dirishani

Kihesa, Iringa
Juni, siku ya baridi

Kwako shoga yangu Mama Bahati,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mbagala, wewe, watoto na baba yao. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomoa. Nimeamua kuandika kwa sababu ujumbe wa sauti ukizidi dakika mbili wewe unauharakisha, halafu unanijibu "sawa shoga". Hili la uhamisho wako wa kuja huku Iringa halitaki "sawa shoga".

Dhumuni la barua hii ni lile neno lako, kwamba Iringa unaijua, umepita mara chungu nzima ukienda Tukuyu kwa wakwe, na hukuona mji wa kumhamishia mtu na watoto wake. Mwenzangu, ulichokiona ni Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita. Mmemaliza kona za Kitonga, mmenunua vitunguu Ilula, basi likasimama, mkachimba dawa, mkanunua mahindi ya kuchoma, safari ikaendelea. Tangu stendi kuu ihamie Igumbilo, kando ya barabara kuu, ndiyo kabisa: mtu anaweza kupita Iringa mwaka mzima asipande mjini hata siku moja. Wakati wewe unalalamikia vumbi la Ipogolo, mji wenyewe ulikuwa juu yako, mkono wa kulia. Ungeinua shingo tu.

Kwa nini umejificha hivyo? Waliouanzisha hawakuwa na habari na abiria wa mabasi. Makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikuwa Kalenga, chini huko kando ya mto Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka hapa. Wahehe walikuwa wamewapiga Wajerumani vibaya pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Zelewski, akafia hapohapo. Lugalo nayo unaipita ukiwa umesinzia, kabla hujafika Iringa. Wajerumani waliporudi wakaibomoa Kalenga mwezi Oktoba 1894, hawakutaka kukaa bondeni. Walipanda huku, ukingoni mwa mwinuko, mahali ambapo mtu akitokea unamwona kabla hajakufikia, maana Mkwawa mwenyewe aliendelea kuwasumbua porini hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kwa hiyo sura ya mji huu ni ya watu waliokuwa na hofu. Hofu yao imeisha, mandhari yamebaki, na tunayafaidi bure sisi walimu wa mshahara mdogo.

Ukipanda ile barabara ya kutoka Ipogolo, mto unabaki chini na mashamba ya mboga yake, upepo unabadilika, na ghafla uko mjini. Katikati ya mji sitakusumbua nako sana. Kuna Soko Kuu, kuna Miyomboni, kuna maduka ya Wahindi wa zamani yenye baraza, kuna jengo la Boma la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Sokoni nunua kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, usinunue kile cha kwanza utakachoonyeshwa. Basi. Watu wakija kutembea wanapiga picha hapo kisha wanasema wameiona Iringa, na mimi nawaacha.

Uzuri wa mji huu uko kwenye mitaa ya pembeni, na uzuri wenyewe ni mawe. Picha haziwezi kukuonyesha. Hapa nyumba zimejengwa katikati ya mawe makubwa ya mviringo, mengine marefu kuliko paa, na hakuna aliyethubutu kuyahamisha. Ukienda Gangilonga au Wilolesi utaona ukuta wa nyumba unakwenda, unakutana na jiwe, unaishia hapo. Jiwe ndilo linamalizia kazi. Fundi wa huku anapima kiwanja akiwa tayari ameshakubaliana na mawe. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kihehe, ana jiwe nyuma ya jiko lake, na nakwambia lile jiwe ni chumba cha pili. Asubuhi linaanikwa nguo. Mchana linashika joto, bibi anapanda na kitenge chake na milulu yake anasuka. Jioni wajukuu wanaandikia hapo kazi zao za shule, wakichoka wanateleza. Wakati wa mavuno mahindi yanatandazwa hapo, na kuku wanajua saa ya kupita. Mimi kwangu halipo, na nakiri wivu.

Jiwe mashuhuri kuliko yote ndilo hilo lililoupa mtaa wa Gangilonga jina. Husimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari na kutaka ushauri. Mimi nakwenda kutazama. Unapanda kidogo tu, hata wewe na magoti yako utafika, na mji wote uko chini yako: mapaa ya bati, miti, minara ya makanisa na misikiti, barabara zinavyokunja, vilima vinavyouzunguka. Wote, shoga! Unaweza kunyoosha kidole ukasema shule yangu ile pale, soko lile, nyumbani pale palipo na moshi. Niambie ni wapi Mbagala utasimama uione Dar es Salaam yote, ukiacha ndani ya ndege. Sikuwahi kudhani jambo hilo lingenituliza kiasi hiki. Mji unaouona mwanzo na mwisho wake haukutishi, na mtoto wako akichelewa kurudi unajua amechelewea wapi.

Tena ni mji wa miguu. Bajaji na bodaboda zipo tele, na daladala, lakini mimi kutoka Kihesa nikitaka natembea mpaka mjini, na njiani nasalimiwa na watu nisiowajua. Utajifunza "kamwene", salamu ya Kihehe, kabla hujajifunza njia. Wazee wa huku wakikusalimia wanasimama kabisa, hawasalimii huku wanapita. Mwanzoni utaona wanakuchelewesha.

Gangilonga ndiyo iliyokuwa uzunguni, ina barabara pana na mijakaranda, na ukija Oktoba utaikuta chini kumetapakaa maua ya zambarau. Ni pazuri, sikatai, ila hapana makelele ya kutosha kwa mtu wa Mbagala. Kihesa kwetu ni tofauti: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa wamejaa, chipsi usiku, saluni, vibanda vya kurudufu karatasi, na katikati ya hayo yote shamba la mahindi la mtu lenye robo eka ambalo mwenyewe amegoma kuuza. Mimi hilo shamba ndilo ninaloombea dua. Huku mji haujaamua kuacha kulima. Nyuma ya nyumba za tofali za kuchoma unakuta maharage, mti wa parachichi, zizi la ng'ombe mmoja wa maziwa, na watu wa ofisini wanakwenda kazini na tope la bustani kwenye viatu.

Sasa nikwambie na yanayoniudhi, usije ukasema nilikuuzia mbuzi kwenye gunia. La kwanza ni kuta. Zamani kidogo tu nyumba za huku zilizungushiwa michongoma, ukipita unaona watu wanapepeta mchele, unauliza hali, unaendelea. Siku hizi kila anayepata mkopo anaanza na ukuta. Nyumba bado haijaezekwa lakini geti limeshapakwa rangi! Ukuta wa tofali za saruji, juu vipande vya chupa, na ndani yake jiwe zuri limefungiwa peke yake, halioni mtu. Naelewa, wezi wapo, na watu tunaongezeka: sensa ya 2012 ilituhesabu 151,345, ya 2022 ikavuka 200,000. Lakini mtaa ukishakuwa kuta mbili na barabara katikati, unaweza kuwa Iringa, unaweza kuwa Tegeta, hujui. Na kuna wanaopandisha nyumba kwenye miteremko mikali, na wanaowasha moto juu ya mawe mpaka yapasuke, wapate kokoto. Kokoto zinahitajika, na akina mama wanaozigonga juani wana watoto wa kusomesha. Siwezi kuwalaumu, ila kila nikisikia nyundo nahesabu jiwe limepungua.

La pili, baridi. Juni na Julai usiniigizie ujasiri wa watu wa pwani. Watu hapa wanalala na mablanketi mazito, jiko la mkaa linaingizwa sebuleni jioni na kutolewa nje kabla ya kulala (sikiliza hapo, kutolewa nje), na maji ya kuoga yasipochemshwa hayaogwi. Kiangazi kikikolea upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati. Mvua zikianza, kuelekea Desemba, vumbi lilelile linageuka utelezi. Lakini mvua ndizo zinazoleta ulanzi, pombe ya mianzi, na najua hapo nimekupata. Ule mtogwa, wa leo leo, mtamu, hata mwalimu mkuu anakunywa. Mkangafu, ule uliochacha na kuwa mkali, waachie wenyewe mpaka uwe umezoea.

Kwa hiyo usijaze fomu ya uhamisho kwanza, wala usiikatae. Likizo hii panda basi, shuka Igumbilo, usiendelee na safari ya Tukuyu, wakwe hawatakimbia. Nitakufuata stendi. Siku ya kwanza tutakwenda jiweni Gangilonga jua likishapoa. Watoto tutawapeleka Kalenga waone fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na siku nyingine Isimila kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Halafu tutazunguka mitaani kutafuta nyumba, bila dalali. Dalali atakupeleka kwenye kuta moja kwa moja. Mimi nimeshaona moja ya vyumba viwili karibu na kwangu, imezungushiwa michongoma bado, ina bomba uani na nafasi ya bustani. Mwenye nyumba ni mama mjane, anataka mpangaji asiye na muziki mkubwa. Nimemwambia nina shoga yangu mpole sana. Jiandae kuwa mpole.

Wasalimie wote, na Bahati mwambie mwanangu anamuulizia kila siku.

Ni mimi shoga yako,
Mama Upendo

Nimesahau: niletee samaki wa kukaanga kutoka Feri, wafunge vizuri wasinuke ndani ya basi. Na soksi usinunue huko, za Dar ni nyepesi, tutanunua hapa Mlandege mitumbani.