Mafundi wapime kwanza kabla ya kuuza ruta ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie waifai inayokwenda vizuri asubuhi na kusuasua jioni, kero ya nyumba nyingi hapa Bagamoyo. Kabla ya kumlaumu anayetuuzia intaneti, ni vema kompyuta iunganishwe kwa kebo na ruta, yaani kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, na kasi ipimwe. Ikiwa nzuri, tatizo liko kwenye waifai yenyewe. Katika masafa ya gigahezi 2.4, mojawapo ya masafa ya redio yanayotumiwa na waifai, chaneli (njia ndani ya masafa hayo) zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana ni 1, 6 na 11, hivyo ruta za majirani zikirundikana kwenye chaneli moja hulazimika kupokezana zamu, na maikrowevu ikiwashwa huzidisha vurugu. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, lakini hupenya ukuta kwa shida, na katika Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, penye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ruta iliyowekwa nyuma ya kabati la chuma haiwezi kuhudumia nyumba nzima, hata ikiwa mpya. Inanisikitisha familia kuuziwa ruta ya pili kabla ya ile ya kwanza kuhamishiwa katikati ya nyumba, mahali pa juu. Nawasihi mafundi wetu wapime kwanza, ndipo wataje bei.

Msomaji wako,
Dunda, Bagamoyo