Mwanangu, miguu ikinyamaza ndipo uiangalie

Tororo

Mwanangu Rehema,

Asalaam alaikum. Uliniuliza kwa nini miguu yako, wewe mwenye kisukari, inawaka wiki nzima, halafu inatulia siku kumi kana kwamba haina neno, kisha inarudi siku ileile ambayo mtoto ana homa na mzigo wa vitenge haujafunguliwa. Jibu lake halitoshi kwenye simu. Soma barua hii taratibu, na pale pa vidole msomee mwanao Hamza pia, maana ana kazi humo.

Mshipa wa fahamu unaohisi ncha ya dole gumba la mguu unaanzia chini kwenye uti wa mgongo. Ni uzi mmoja wa karibu mita nzima. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huuharibu uzi huo pamoja na vijishipa vya damu vinavyoulisha, na nyuzi ndefu ndizo huumia kwanza. Ndiyo sababu shida huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda kama mtu anayevaa soksi. Uzi ulioumia hupiga kelele bila kuguswa: moto, sindano, umeme, sisimizi. Mchana kelele hizo hufunikwa na wateja na watoto. Usiku hakuna cha kuzifunika, na shuka likigusa wayo linakuwa kama msasa.

Sasa shika neno hili, ndilo lililonifanya niandike. Uzi huohuo ukifa, hunyamaza. Kwa hiyo maumivu yana njia mbili za kuondoka: sukari imetulia na dawa imefanya kazi, au mguu umeanza kufa ganzi. Kwako zote mbili zitaonekana kama nafuu. Mguu unaouma unakulinda, utauonea huruma na kuukalisha. Mguu uliokufa ganzi utakanyaga msumari asubuhi na kufika nao jioni.

Njia ya kuzitofautisha ipo, na haina gharama. Ijumaa baada ya Maghribi lala kitandani, miguu wazi, macho umefumba. Hamza akushike kwanza mguu mmoja aseme "huu wa kulia", kisha mwingine, "huu wa kushoto". Halafu aguse ncha ya kidole kwa ncha ya kidole chake cha shahada, wepesi kama unyoya, sekunde moja au mbili, na wewe useme "kulia" au "kushoto" unapohisi. Mpangilio ni huu: dole gumba la kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba la kushoto, cha mwisho cha kushoto, cha katikati cha kulia, cha katikati cha kushoto. Asikandamize, asisugue, asigonge. Kila kidole mara moja tu. Kikikosa kimekosa, asirudie kwa huruma, maana watoto hupenda kumsaidia mama ashinde. Vikikosa viwili au zaidi kati ya sita, mguu umeanza kupoteza hisia, na unatakiwa kupimwa kliniki kwa ule uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Kipimo hiki cha kugusa kilitengenezwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, kikachapishwa mwaka 2011, na matokeo yake yanakaribiana sana na ya ule uzi wa nailoni.

Ukaguzi wa kila siku usiutafutie saa yake. Siku yako haina nafasi. Utie ndani ya udhu. Unaosha miguu mara tano, na tayari unapitisha kidole kati ya vidole. Mara moja kati ya hizo tano, mimi ningechagua Alasiri kwa sababu mwanga bado ni mzuri, simama kidogo uangalie: lengelenge, mpasuko kisiginoni, wekundu, sugu yenye doa jeusi ndani, ukucha unaoingia kwenye nyama. Wayo ukikushinda kuuona, weka kioo sakafuni. Kisha kausha kila uwazi kati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo wengi wenye sukari wanapokosea: wanaosha vizuri mara tano na kuondoka na maji yaleyale mara tano, fangasi wanaingia, ngozi inapasuka, na kila mpasuko ni mlango. Beba kitaulo kidogo kwenye mkoba. Vaselini ipake juu ya mguu na kisiginoni, kamwe si kati ya vidole. Na adhuhuri usikatize uwanja wa msikiti pekupeku. Saruji ya saa saba mchana inaunguza, na wewe unaweza usijue.

Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kama kiwiko kinasita, mguu usiingie.

Viatu vinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, tena ukiwa umesimama. Kati ya kidole kirefu zaidi na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kandambili ziache kwa bafuni: kile kigingi kinachopita kati ya vidole husugua, na mguu wenye ganzi hukunja vidole ili kukishika. Soksi ziwe za pamba na nyeupe, uzivae mshono ukiwa nje. Nyeupe kwa sababu tone la damu au usaha litaonekana jioni hata kama hukuhisi chochote. Kila asubuhi ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Mwenye watoto hajui kuna nini humo.

Jikoni, vaa kiatu kilichofunikwa mbele unapopika kwenye sigiri. Kaa moja likidondoka kwenye mguu wenye ganzi hulala hapo mpaka usikie harufu. Msimu wa mvua usiipashe miguu moto kwenye makaa hata kama inahisi baridi. Baridi hiyo mara nyingi ni ya mshipa, ngozi yenyewe ina joto lake, iguse kwa mkono utaona. Kwenye bodaboda, pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia. Ukikaa upande, miguu iwe kushoto. Sokoni tafuta kigoda, kila saa ukae dakika kadhaa, na jerikeni la lita 20 Hamza na mwenzake walibebe kwa zamu mbili za lita 10.

Mkienda Kamuli kwa wakwe zako kipindi cha Krismasi, kiangazi kimeanza na funza wako vumbini. Watu wa huko Busoga wanajua taabu yake. Mwingine humjua funza kwa muwasho. Wewe unaweza usimjue. Nyumba yenye sakafu ya udongo usiitembee pekupeku, na usikubali kuchokolewa kwa pini inayozunguka familia nzima; pini hiyo hubeba pepopunda na mengine. Nenda kituo cha afya.

Dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, hata ile sindano inayosifiwa sana madukani, hazifiki penye shida yako. Hizo ni za uvimbe na viungo, na figo ambazo sukari tayari inazionea zitaumia bure. Kwa mshipa, kituo chenye daktari kwa kawaida huanza na amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Inywe saa mbili usiku badala ya wakati wa kulala, la sivyo saa kumi na moja alfajiri utawaandaa watoto kwa shule ukiwa bado na usingizi kichwani. Kinywa kitakauka na choo kinaweza kuwa kigumu. Nafuu huja kidogo kidogo ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo usiitupe siku ya tano, wala usiikate ghafla siku ikikukubali. Mwambie daktari kabla hujaanza kama una tatizo la moyo, presha ya macho, au unadhani una mimba. Na nakusihi, ifungie kabatini: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mwanao mdogo Shamimu. Ikishindikana kuna gabapentini, pregabalini na duloksetini, zote kwa cheti cha daktari. Zile mbili za kwanza zisichanganywe na tramadoli bila daktari kujua, maana pamoja hupunguza pumzi.

Unatumia metiformini kwa miaka sasa. Dawa hiyo, ikitumika muda mrefu, hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 nao huchoma miguu vilevile. Omba ipimwe, na kula mukene (dagaa), mayai na maziwa. Lakini zile "vitamini za mishipa" usinunue kiholela. Soma karatasi yake: baadhi zina B6 miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge, na B6 nyingi kwa miezi huharibu mishipa ileile unayotaka kuiponya. Ndugu anayekunywa isoniazidi ya kifua kikuu ndiye huhitaji B6, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, kwa sababu isoniazidi humpotezea.

Jambo moja linawachanganya wengi. Sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa kwa kasi, maumivu yanaweza kuzidi kwa muda. Mtu hudhani dawa mpya ndiyo adui, anaiacha. Usiiache. Mwambie daktari apunguze mwendo.

Usiku, chukua katoni ya sabuni, kata pande mbili zinazokabiliana, iweke kama daraja chini ya blanketi juu ya miguu ili nguo isiiguse. Neti ichomekwe vizuri pande zote: inazuia mbu, na pia panya, ambao humtafuna aliyekufa ganzi bila kumwamsha. Usingizi ukikatika, kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba dakika kumi kinatosha, barafu usiweke.

Ukiona kidonda, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi kavu, punguza kukikanyaga, na ufike kituoni ndani ya siku moja. Majivu, dawa ya meno, unga wa kapsuli, vyote hapana. Sugu usiikate kwa wembe. Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake hata bila maumivu, usiukanyage na uende siku hiyohiyo; mifupa ya wayo inaweza kuwa inavunjika ndani. Vilevile ukidhoofika miguu ghafla, au ukishindwa kuzuia haja.

Siku ya kliniki vaa viatu vinavyovuka kirahisi na uvue kabla hujaambiwa. Foleni ni ndefu, na daktari mwenye haraka hataomba kuona miguu. Nenda na daftari: tarehe, saa maumivu yalipoanza, ukali wake kutoka 0 hadi 10, sukari ya asubuhi kabla ya chai, na ulisimama kwa muda wa saa ngapi siku hiyo. Uliza kuhusu HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu), presha na figo.

Ijumaa hii mwambie Hamza aanze. Nitumie namba tu kwa ujumbe, vingapi kati ya sita, hata kama ni vyote.

Mamako