Barua ya Wazi kwa Waziri wa Bahari wa Visiwa Saba: Dari ya Hangari Isishushwe

Moshi, Kilimanjaro

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Bahari,
Jamhuri ya Visiwa Saba.

YAH: MANOWARI NNE ZA KUBEBA NDEGE ZA AINA YA MATLAI

Mheshimiwa,

Kwanza tuwatoe wasomaji wengine wasiwasi. Jamhuri ya Visiwa Saba haimo katika ramani yoyote isipokuwa ile iliyotandikwa juu ya meza za mchezo wa bahari hapa Moshi na kwako Arusha. Wizara uliyokabidhiwa msimu huu ni ya kubuni. Kanuni zake si za mzaha: mwaka wa mezani ni 1955, meli ikichorwa lazima ielee na ifanye kazi kama ingekuwa ya chuma cha kweli na mvuke wa kweli, na historia halisi, hata ya miaka iliyofuata, inaruhusiwa kuwa ushahidi. Sisi tunaokuandikia ndio tunaokagua michoro kabla haijaingia mezani. Mchoro wa Matlai tumeukagua, na hatuwezi kuupitisha ulivyo.

Msingi uliouchagua hatuna ugomvi nao. Umefuata manowari nyepesi za Uingereza za mwaka 1942, aina ya Colossus: tani 13,200 bila mzigo kamili, kama 18,000 zikijaa, nguvu farasi 40,000, mwendo wa maili 25. (Maili zote humu ni za bahari kwa saa.) Waingereza walizichora kwa viwango vya meli za biashara ili hata karakana zisizozoea manowari ziweze kuzijenga haraka, na hawakutegemea zidumu sana baada ya vita. Zilidumu. Vengeance, iliyoshushwa majini mwaka 1944, iliuzwa Brazili ikaitwa Minas Gerais na kustaafu mwaka 2001. Nyingine, pamoja na ndugu zao wa aina ya Majestic, zilikwenda Ufaransa, Uholanzi, Australia, Kanada, India na Argentina. Kwa nchi isiyo na fedha za manowari kubwa, mama wa kumzaa Matlai ni huyu.

Shida iko kwenye vitu ulivyovipunguza. Hangari ya Colossus, yaani chumba cha kuwekea ndege chini ya sitaha, ilikuwa na kimo cha mita 5.33. Yako ina mita 4.75. Lifti zake zilikuwa takriban mita 13.7 kwa 10.4. Zako ni 12.8 kwa 10. Mwendo umeushusha hadi maili 22 kwa nguvu farasi 27,000. Bunduki, rada, mnara na hata manati, mtambo wa kuzirusha ndege, vinaweza kubadilishwa meli ikiwa na miaka kumi. Kimo cha hangari hakibadiliki bila kuifumua meli nzima, kwa sababu juu yake kuna sitaha, na juu ya sitaha kuna kila kitu. Ulipobana ndipo pasipobanwa.

Tazama yaliyowapata waliotangulia. Manowari za Uingereza za aina ya Implacable zilikuwa na hangari mbili zilizopandana, kila moja ikiwa na kimo cha mita 4.27. Vita vilipokwisha na ndege zikakua, kuzifanyia ukarabati mkubwa kukaonekana ghali mno, zikaachwa. Ndege za Corsair zilizokwenda kwa Waingereza zilikatwa ncha za mabawa, sentimita 20 hivi kila upande, ili zikikunjwa zisigonge dari. Wakanada walipounda ndege ya Tracker kwa ajili ya manowari yao Bonaventure, iliyokuwa ya ukoo huuhuu wa Majestic, walifupisha sehemu ya mbele ya ndege kwa takriban sentimita 45 ili itoshe hangarini. Yaani nchi nzima ilibadilisha kiwanda cha ndege kwa sababu ya chumba ambacho mtu mwingine alikichora mwaka 1942.

Na wewe, Mheshimiwa, umeagiza Tracker nane za kuwindia nyambizi. Tracker ya kwanza ina urefu wa mita 12.88 na kimo cha karibu mita 5. Haiingii hangarini mwako, na hata lifti haiitoshi. Aina yake ya baadaye, S-2E, ilifika mita 13.26 kwa urefu na 5.05 kwa kimo. Ndege hiyohiyo, jina hilohilo, imeota karibu sentimita 40 kwa miaka michache tu. Kwenye lifti ya Waingereza bado ingetosha, ikibakiza sentimita 44. Kwenye yako itabaki sitahani maisha yake yote, inakula chumvi na jua, na fundi akitaka kushusha injini atafanya hivyo kwenye upepo huku meli ikiyumba.

Halafu kuna namna wachoraji wako walivyopima. Wamepima kutoka sakafuni hadi chini ya bamba la sitaha. Kimo cha hangari hupimwa hadi kwenye kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote: taa, bomba la maji ya kuzimia moto, reli ya winchi ya mnyororo. Ongeza kwamba ndege iliyomwagwa mafuta huinuka juu ya miguu yake, kwa hiyo mkia uliopita asubuhi ukiwa na tangi zilizojaa unaweza kugonga jioni. Tunataka nafasi safi ya sentimita 30 juu ya mkia mrefu kuliko yote. Hapo hatujahesabu ndege ya kesho. Ukituuliza kipimo, tunasema mita 5.8.

Tunajua utetezi wako: sitaha ikipanda, meli inakuwa nzito kichwani. Tumepiga hesabu. Sitaha, mnara na ndege za juu katika mchoro wako zina uzito wa kama tani 2,600. Zikipanda mita 1.05 katika meli ya tani 17,500, kitovu cha uzito kinapanda sentimita 16. Tuseme 18 pamoja na chuma cha ziada cha kuta. Sasa panua meli kwenye mstari wa maji kutoka mita 24.4 hadi 24.7. Ustahimilivu unaotokana na upana huongezeka kwa mchemraba wa upana huo, na sentimita 30 hizo zinakurudishia kama 24, ilhali kina cha meli majini kinapungua kidogo tu. Umelipa deni na chenji imebaki. Chelezo ulichokichora kina upana wa kutosha, kwa hiyo sababu ya kushusha dari hatuioni.

Kwa lifti usituamini sisi. Chukua kadibodi. Kwa kipimo cha moja kwa mia, kata sakafu ya hangari yenye upana wa sentimita 15.8 kama ulivyochora, kata matundu mawili ya lifti, kisha kata umbo la kila ndege ikiwa imekunja mabawa. Tracker iliyokunjwa ina upana wa mita 8.33, kwa hiyo sentimita 8.3 kwenye kadibodi. Mbili haziingii bega kwa bega. Lazima zipishane, pua ya moja ikielekea ubavu wa mkia wa nyingine. Acha ujia wa milimita sita kila upande, ndio sentimita 60 za mtu mwenye mpira wa maji ya moto. Sasa jaribu kuitoa ndege iliyo nyuma kabisa bila kugusa nyingine. Andika ni ndege ngapi zimesogezwa. Zikizidi tatu, mpangilio umeshindwa, kwa sababu mezani kila msogezo ni dakika, na baharini ni vidole vya watu.

Jaribio la pili: ziba lifti moja. Lifti hukwama, kwa bomu au kwa kebo tu iliyochoka. Manowari ya Japani Taiho ilipopigwa topido tarehe 19 Juni 1944, lifti yake ya mbele ilikwama katikati ya njia, wakaziba tundu kwa mbao ili ndege ziendelee kuruka. Katika mchoro wako lifti zote mbili ziko mstari wa katikati, na ya nyuma imekaa palepale ndege inapogusa sitaha. Isogeze upande wa kulia, nje ya njia ya kutulia iliyochorwa mshazari. Lifti ya kuning'inia ubavuni, kama za Wamarekani, tumeifikiria tukaiacha. Kwa meli ya kimo hiki, siku ya kusi kali, itakuwa ndoo ya kuchotea maji.

Tuje kwenye upepo. Umezipa meli majina mazuri: Matlai, Kaskazi, Kusi na Umande. Upepo utakaokuhukumu ni ule ambao hukuutaja, maleleji, pale kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imelala kama mkeka.

Ndege yako ya mashambulizi ina tani 9 na kwa karatasi zako inahitaji mwendo wa maili 125 hewani iweze kupaa. Manati inaipa 100, meli inaongeza 22. Jumla 122. Wachoraji wako wamejazia kwa upepo wa maili 10, wakaona salama. Lakini ile 125 ni ya hewa ya nyuzi 15. Visiwa Saba viko karibu na ikweta, na kwa nyuzi 32 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 6, hivyo ndege inataka maili 128 na nusu. Wewe uliye Arusha, ambako uwanja wa ndege uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, unaweza kumuuliza rubani yeyote kwa nini safari yenye mzigo ni bora iondoke asubuhi. Bila upepo umepungukiwa maili sita na nusu. Kuziziba kwa kupunguza uzito ni kupunguza kama asilimia 10, kilo 900. Hayo ni mabomu mawili ya kilo 450. Ndege itapaa, ndiyo, kwenda kumsalimu adui.

Hili halikubuniwa na wachezaji. Tarehe 2 Mei 1982 manowari ya Argentina Veinticinco de Mayo, ambayo ilizaliwa Venerable ya aina ya Colossus, ilikuwa tayari kurusha Skyhawk zake dhidi ya kikosi cha Uingereza. Upepo ukalala. Ndege zenye mzigo hazikuweza kurushwa, shambulio likafutwa. Siku hiyohiyo nyambizi ya Waingereza ikaizamisha meli ya kivita ya Argentina General Belgrano, na manowari ile ya ndege ikarudi nyumbani.

Kwa hiyo rudisha nguvu farasi 40,000. Kutoka maili 22 hadi 25 unahitaji karibu nusu tena ya nguvu uliyonayo, kwani nguvu hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Ni ghali, hatukatai. Lakini hizo 25 ni za meli iliyotoka chelezoni jana. Katika maji yetu ya moto, miezi michache tu chaza na mwani hushika chini na kula maili moja au zaidi. Boila nazo huchoka: Vikrant ya India iliingia vita vya 1971 ikiwa na ufa katika boila moja kati ya nne, mwendo wake umefungwa, na bado ilirusha ndege za Sea Hawk na Alizé hadi Cox's Bazar na Chittagong. Iliweza kwa sababu ilikuwa na cha kupoteza. Manati nayo iwe ya mvuke, ile Waingereza waliyoijaribu juu ya meli yao Perseus mwaka 1950. Kupata maili saba za ziada kwenye manati ni kuongeza nishati yake kwa asilimia 15 hivi, na manati za maji na mafuta za zamani zilikuwa zimeshafika mwisho wa uwezo wake.

Usiviunganishe vyumba vya boila ili kuokoa nafasi. Colossus zilivipanga kwa kupishana, seti moja mbele kulia, nyingine nyuma kushoto, ili topido moja lisizime zote.

Petroli. Tracker zinatumia petroli ya ndege, jeti zinatumia mafuta ya taa, na umeziwekea bomba moja. Zitenganishe kabisa. Petroli ikae katika matangi yaliyozungukwa na maji ya bahari, na kila baada ya kujaza, bomba limwagwe kisha lijazwe hewa ya ukaa, kama manowari ya Marekani Yorktown ilivyofanya katika mapigano ya Midway mwaka 1942. Taiho haikuuawa na topido lenyewe. Matangi yalipasuka, mvuke ukapanda, na mabaharia wakawasha mapangaboi kuupunguza, wakausambaza meli nzima. Saa chache baadaye cheche moja ilitosha. Dasher ya Waingereza ililipuka tarehe 27 Machi 1943 karibu na pwani ya Uskoti bila adui yeyote, na watu 379 wakafa. Kwenye mchoro wako bomba la petroli linapita ndani ya chumba cha kulala mabaharia. Tumelizungushia wino mwekundu.

Bunduki zako hatuna neno nazo, weka unazotaka.

Fedha zitoke wapi? Futa Umande. Kila meli inahitaji watu kama 1,300, na kitabu chako cha wanamaji hakijai hata kwa tatu bila kuwapora wasindikizaji. Tatu zinatosha mzunguko wa moja chelezoni, moja mazoezini na moja baharini. Chuma na boila za ya nne vitalipia mita moja ya hangari na nguvu farasi 13,000 kwa kila moja ya zilizobaki.

Mchoro mpya utufikie ukiwa na vipimo hivi: hangari mita 5.8 hadi kwenye taa, lifti zisizopungua mita 14.5 kwa 10.5, upana majini mita 24.7, nguvu farasi 40,000, manati ya mvuke, na mabomba mawili ya mafuta. Ambatanisha kadibodi ulizozikata, ndege zikiwa zimepangwa. Bila hizo hatutagonga muhuri, na Matlai itabaki gatini zamu zote za msimu huu.

Wako katika utumishi wa Visiwa Saba,

Wakaguzi wa Michoro, Moshi