Shukrani kwa mzee aliyenisaidia Mombo

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Ulinikuta Mombo, njia ya kupanda Lushoto, Peugeot 504 ya marehemu baba ikizima kila nikiachia mafuta. Mafundi wawili walishazungusha skrubu ya sailensa, ile ya kurekebisha mwendo wa injini ukiachia mafuta, bila nafuu. Wewe uliinamisha sikio tu, ukasikia mluzi chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: gasketi, karatasi ya kuziba maungio, imekauka, injini inavuta hewa ya pembeni.

Mabaki uliyabandua kwa kijiti, si bisibisi, maana alumini ikichubuka haizibi vizuri. Kisha ukalaza karatasi ya gasketi juu ya kitako cha kabureta, ukaigongagonga kwa kinyundo mpaka umbo likajichora, kila tundu mahali pake. Silikoni yangu uliikataa kabisa: petroli huilainisha, vipande vikaenda kuziba jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli. Nati ukazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kitako kisipinde.

Gari ikawaka, ikatulia. Ukapokea hela ya ile karatasi ya gasketi tu! Mama alikaa mbele hadi Lushoto, viganja vyote juu ya dashibodi, kimya, akitabasamu. Asante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie uzima.